Kipande Alichonibakizia

Nilijua. Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba sikujua, na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika insha, nimelisema kwa ufasaha hata nikaaminiwa. Lakini nilijua kwamba dada yangu ameacha kula.

Kila Ijumaa tulitembea kando ya mto Lea, kutoka Tottenham kushuka Stratford, tukihama mkahawa mmoja hadi mwingine. Yeye ni muuguzi. Alisema hiyo ndiyo siku yake ya kuletewa sahani badala ya kupeleka. Mkahawa wa kwanza kahawa. Wa pili, ndani ya ghala la zamani, supu. Wa tatu keki, tukitazama maboti ambayo watu wameyafanya nyumba.

Kwetu mkubwa hamalizi sahani. Hubakisha kidogo, akamsogezea mdogo, na mdogo hakatai. Nimekua kwa mabaki ya dada: mnofu mmoja, pembe ya chapati. Kwa hiyo alipoanza kunisogezea nusu ya keki, niliipokea kwa heshima. Kisha robo tatu. Kisha kipande kizima, uma wake ukiwa haujaguswa. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye shahada mbili, ninakula makombo na kujiambia kuwa ni mila.

Nilinenepa. Yeye akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, na baadaye jingine. Nikamtania kwamba anashindana na wale wasichana wanaokimbia kando ya mto. Akanijibu kuwa lazima mmoja wetu apungue, la sivyo njia haitatutosha. Alipoanza kupumzika kila benchi, nikasema ni magoti. Siku moja alikwenda msalani akakawia. Nikanywa supu yangu, halafu yake. Aliporudi macho yamelowa, nililalamikia chumvi.

Mwezi wa tisa akaniambia, kama anayetaja mabadiliko ya zamu, kwamba hospitali wamempima tumbo na majibu ni Ijumaa inayofuata asubuhi. Hakutaka nimsindikize. Nimsubiri mkahawa wa tatu, niagize kama kawaida. Majibu yakiwa mazuri, alisema, kipande chake atakimaliza mwenyewe.

Niliagiza viwili. Chake nikakiweka upande wake wa meza, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na njaa. Mhudumu alikuja mara mbili kuuliza kama nasubiri mtu. Nikasema ndiyo, yuko njiani.

Simu ilipolia tulisalimiana kikamilifu, kama tulivyolelewa. Hujambo, sijambo, habari za huko, nzuri. Nyuma yake mtu alikuwa akiita wagonjwa, mmoja baada ya mwingine.

“Umeshaagiza?”

“Nimeagiza, dada. Chako sijakigusa.”

Nilimsikia akivuta pumzi, taratibu, kama anavyowafundisha wagonjwa wake.

“Basi kula na changu, mdogo wangu.”