Sahani ya Jirani wa Somanga

"Madamu, kwa nini mchele hauhesabiki na maharage yanahesabika?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa jirani yangu, kidato cha pili, pale Somanga nilipopangiwa kazi yangu ya kwanza ya ualimu. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba Kiingereza huweka "a" mbele ya kitu kimoja kinachohesabika: "a bean". Lakini "a rice" hakuna. Ni "rice" tu, au "some rice".

"Kwa sababu punje za mchele ni ndogo," nikajibu.

"Mbona mama anapima vyote kwa kopo moja? Hamna mteja anayehesabiwa maharage."

"Kaa chini, wakili!" sauti ikatoka nyuma, na darasa zima likacheka.

"Ndivyo Kiingereza kilivyo," nikasema. Mimi, niliyewachosha wahadhiri wangu chuo kizima kwa sababu sikubali jibu hilo.

Chumba changu na nyumba yao vilitenganishwa na ua wa makuti. Walimu wenzangu walikuwa na familia zao. Mimi nilikuwa na redio. Jioni ile binti akaja na sahani ya bluu ya bati, wali wa nazi na kipande cha samaki aina ya changu.

"Mama anasema karibu chakula."

Nilizima redio nikala polepole. Asubuhi nikaiosha sahani, nikaifuta mpaka ikang'aa, nikaipeleka. Nimekulia mabwenini tangu darasa la kwanza, na huko chombo cha watu hurudishwa kikiwa safi.

"Shikamoo, mama. Asante sana kwa chakula."

"Marahaba, mwanangu." Akaipokea, akaitazama ndani. "Haya." Akarudi kuchambua maharage yake.

Sahani nyingine haikuja. Siku zikapita. Kila jioni nilisikia upande wa pili wa ua vikombe, kicheko, mtu akiitwa aje kula, na kila mara nilipunguza sauti ya redio, nikidhani na mimi nitaitwa. Nilijua kosa langu lilipo: binti kamwambia mama yake kwamba mwalimu mwenyewe hajui anachofundisha. Ningelipata jibu, mlango ungefunguka.

Nikalitafuta kwenye kila kitabu nilichoweza kuazima. Nikagundua hakuna sababu ya maana. Ni mazoea tu ya watu wenye lugha yao. Hata sisi husema mchele huu, maharage haya, na hakuna anayeshangaa. Nikamwita binti pale uani, nikamweleza yote kwa mifano: maji, chumvi, mchanga.

"Asante, Madamu," akasema kwa adabu. "Nilishasahau kama niliuliza."

Akaingia ndani. Mwaka uliofuata nikahamishwa.

Miaka ilipita. Nikiwa Dodoma, mwenzangu wa ofisini, mzaliwa wa Mchinga, pwani ileile ya Somanga, aliniletea mihogo ya nazi. Kesho yake nikamrudishia bakuli lake, safi kabisa.

"We! Unanirudishia bakuli kavu? Ndo unanifukuza hivyo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka sana. Ndipo akaniambia kwamba kwao chombo cha jirani hurudi na kitu ndani, hata chumvi kidogo. Kikirudi kitupu, mwenyewe anajua ameambiwa asilete tena.