Boliti ya Baba na Mkwe Aliyenyamaza

Nakumbuka siku ile baba yangu alipovunja boliti ya gari lake uani kwetu, kule Manga, na mpaka leo nikisikia nyundo ikigonga chuma moyo wangu unaruka. Kaa vizuri, mwanangu. Hadithi hii siipendi, lakini nakupenda wewe, kwa hiyo nitaisimulia.

Gari lenyewe lilikuwa lori dogo kuukuu ambalo baba alilinunua kwa Mhindi mmoja mwenye duka mjini Kisii, muda mfupi baada ya vita vikuu kumalizika. Alitaka kupeleka ndizi na nafaka ya wimbi sokoni bila kuwatesa akina mama kwa mizigo ya kichwani kwenye miteremko ile. Usidhani lilisafiri sana. Lilishinda uani kuliko ng'ombe. Injini ilikuwa inavuja maji, na baba akaamua kuifungua mwenyewe kwa sababu aliwahi kumtazama fundi wa mjini akifungua nyingine. Alitazama tu, mwanangu, hakushika hata spana. Nimewajua wanaume wengi waliosomea ufundi kwa njia hiyo.

Kitu kimoja lazima ukijue kabla sijaendelea. Baba alikuwa na jicho moja. Lile la kushoto lilichomwa na mwiba zamani akichunga mbuzi, likafa. Kwa hiyo alipotaka kuona kitu kidogo aliinama mpaka pua inakaribia kukigusa. Kila mtu alilijua hilo, hata watoto.

Siku hiyo mimi na mume wangu Mogaka tulikuwa tumekuja kuwasalimu wazazi wangu. Wakati wa vita Mogaka alifanya kazi katika karakana ya magari ya jeshi. Alijua injini kwa kusikiliza mlio wake tu. Lakini alikuwa mkwe, tena mkwe mpya, na siku zile ukwe haukuwa mchezo. Kwetu tuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani haya na heshima kati ya mtu na wazazi wa mwenzake. Mogaka hakuweza kumkaribia mama yangu. Akija, mama anapita nyuma ya nyumba, na salamu zao napeleka mimi huku na huku kama tarishi. Na baba, Mogaka hakuthubutu kumpinga hata kwa kutikisa kichwa. Baba akimwomba spana anampa kwa mikono miwili, ameinamisha macho, kisha anarudi nyuma. Nilimcheka kimoyomoyo. Laiti ningejua.

Boliti moja ya kifuniko cha injini iligoma kufunguka. Majirani walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na ushauri wake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na gari. Baba akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akavuta kwa mwili mzima. Nilimwona Mogaka akifungua mdomo. Akaufunga. Boliti ikalia, kichwa chake kikadondoka kwenye nyasi, na sehemu iliyobaki ikawa imekatikia ndani kabisa ya chuma, mahali ambapo spana haishiki tena.

Baba alikiokota kile kichwa, akakigeuzageuza mkononi. Watu wakaguna. Unajua aibu ya mwanaume aliyeharibu kitu chake mbele ya majirani, tena mbele ya mkwe? Hakutaka kupumzika, hakutaka chai, alitaka kuimaliza kazi hapo hapo watu wakiona. Akaingia ndani, akatoka na nyundo na tupa ya zamani ya kunolea mapanga, iliyovunjika. Alikusudia kuitumia ile tupa kama patasi, aigonge pembeni mwa boliti mpaka izunguke.

Mogaka akaja mlangoni pa jikoni nilipokuwa nikikoroga uji. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ile tupa itapasuka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Tupa haipigwi nyundo. Ni chuma kigumu lakini kinakatika kama chupa. Huko karakana nilimwona mtu akiumia."

"Kwa nini unaniambia mimi? Nenda umwambie."

"Nitamwambiaje tata, baba yako, mbele ya watu hawa wote? Nimwambie hajui?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Usimwaibishe, Kerubo. Ngoja kidogo. Labda atachoka."

Sikungoja. Niliweka mwiko chini, nikatoka. Nilikuwa nimefika katikati ya ua, na baba alikuwa ameinama, lile jicho lake moja likiwa juu kabisa ya boliti. Nikaita, "Tata." Nyundo ikashuka.

Mlio wa tupa kupasuka haukuwa mkubwa. Baba akaachia kila kitu, akashika uso, na damu ikatoka katikati ya vidole vyake. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu.

"Sioni."

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Watu wote walioshauri tangu asubuhi wakawa mabubu. Nilimwona baba yangu akinyoosha mkono mmoja hewani akitafuta mahali pa kushika, mwanaume ambaye hata pombe haikuwahi kumyumbisha, na nilishtuka mpaka masikio yangu yakaziba. Mogaka ndiye aliyemdaka. Alimkalisha chini, akamlaza kichwa mapajani mwake.

Hapo ndipo mama alipotoka. Hakupita nyuma ya nyumba. Alikuja moja kwa moja na kibuyu cha maji, akapiga magoti mbele ya mkwe wake, uso kwa uso, magoti yao yakigusana, akaanza kumwosha mumewe. Wazee waliokuwa pale waligeuka wakatazama migombani. Jambo kama hilo walikuwa hawajawahi kuliona, na sijui ni kipi kiliwashtua zaidi, ile damu au yale magoti. Mama akamwambia Mogaka, "Shika kichwa kisitikisike," na yale yakawa maneno yake ya kwanza kumwambia tangu Mogaka anioe. Mogaka akashika. Mama akapapasa kwa kidole, akakuta kipande cha chuma kimekwama kwenye mfupa wa nyusi, akakivuta kwa kucha. Akaosha tena na tena. Sisi wengine tulisimama tu. Nilikuwa nikiomba, lakini maneno ya sala yalikuwa yamenipotea, nikabaki nasema "tafadhali, tafadhali".

"Fungua," mama akamwambia baba.

Baba akafungua jicho. Lilikuwa jekundu lote. Akanyoosha mkono, akakivuta kibuyu cha mama mpaka kikakaribia pua yake.

"Kibuyu chako kina ufa," akasema.

Nililia kwa sauti. Hata wazee wakakohoa. Lakini mama hakulia wala hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti pale pale, na sasa alimtazama Mogaka.

"Wewe ulijua?"

Mogaka angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Nilijua, mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kumvunjia heshima."

Mama akakiweka kile kipande cha chuma kwenye kiganja cha Mogaka, akakifunga kiganja chenyewe kwa mikono yake miwili. Alisema taratibu, bila kupandisha sauti. "Kidogo tu ningemwongoza kwa fimbo mpaka afe, na wewe ungekuja hapa kila mwaka kumsalimu kwa heshima. Angekuwa haoni hata jinsi unavyoinama."

Mogaka aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Wanaume wa wakati ule hawakuwa wakilia mbele ya wakwe. Siku hiyo kila kitu kilikuwa kimeshavunjika.

Baba ndiye aliyeinuka kwanza, kitambaa kimefungwa juu ya nyusi. Mzee mmoja akaanza kunong'ona kwamba mama amevunja mwiko na lazima mbuzi achinjwe kurekebisha mambo. Baba akamkatiza. "Mbuzi nitatoa mimi. Mimi ndiye niliyewafanya watu waogope kuniambia ukweli." Kisha akaketi kwenye kigoda karibu na gari, akamwita Mogaka. "Sasa sema. Sema yote, hata yale yatakayonifanya nionekane mjinga."

Mogaka akasema, kwanza kwa woga, halafu maneno yakafunguka. Alimimina mafuta ya taa kwenye ile boliti, akakataza isiguswe mpaka kesho. Kesho yake akaazima keke kwa seremala jirani, akatoboa tundu dogo katikati ya boliti, polepole, akipuliza vumbi la chuma. Akaingiza chuma cha pembe nne kwenye lile tundu, akakigongea kidogo tu mpaka kikashika. Kisha akaanza kuizungusha, kidogo kwenye kukaza, kidogo kwenye kufungua, bila kulazimisha. Baba alikuwa akitazama kwa mbali, kama alivyoambiwa. Boliti ikatoka yote. Mogaka akampa kwa mikono miwili, na baba akaipokea kwa mikono miwili. Hilo nalo nilikuwa sijawahi kuliona.

Mwanangu, sikuambii uwadharau wakubwa. Piga goti, punguza sauti, mwite mzee pembeni ikiwa kuna watu. Lakini sema, na useme kabla nyundo haijashuka. Aibu ya kurekebishwa itamwisha mzee kabla ya kulala, na akikasirika atapoa. Jicho halirudi. Usikubali kuita woga wako heshima, maana unayemheshimu ndiye atakayeumia, wewe utabaki mzima ukimhurumia.

Na wewe utakapokuwa mkubwa, usijifanye mkali mpaka wanaokupenda wakaona ni heri uumie kuliko wakuudhi.

Mimi sasa ni mzee, na macho yangu ni mabaya kuliko jicho la baba siku ile. Juzi nilimeza dawa ya jioni mara ya pili, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo ulipo unanitazama. Niliona ukifungua mdomo. Niliona ukiufunga.

Mungu akupe ulimi mpole na moyo usiochelewa. Akupe wazee watakaokusikiliza, na mimi aniweke katika hao. Sasa nisomee hicho kibandiko cha chupa ya dawa, na kama nimekosea, niambie.