Nilitangaza kanisani kwamba jina la Andrea litafutwa kwenye jiwe la vita, kumbe dada yake yupo benchi la tatu

Wakuu, habari za humu ndani. Leo nimefunga duka mapema ili niandike hili likiwa bado bichi kichwani. Yamenitokea mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Majina tu nimebadili, kwa sababu wahusika wapo hai na mjukuu wa mmoja wao yumo humu humu.

Mimi nina stationery hapa Kibondo mjini. Natoa kopi, nachapa barua, nalaminate vyeti, nawajazia fomu wanaoomba kazi kwenye mashirika ya kambi ya wakimbizi ya Nduta.

Sasa mtu mwenye kompyuta na printa parokiani haponi. Kila kamati yumo, na kila kamati yeye ndiye katibu.

Kigango chetu kiko upande wa Murungu. Ukutani kwa nje, karibu na mlango mkubwa, kuna bamba la saruji lenye majina tisa ya vijana wa pale waliokwenda vita vya Kagera wasirudi. Katekista wa wakati ule, sasa marehemu, aliyaandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi.

Mvua za miaka yote hii zimelila, herufi zinabanduka. Kamati ikaamua tuweke la marumaru, na kazi ya kuhakiki majina nikapewa mimi.

Nikiri mapema, mimi napenda vitu vinyooke. Mke wangu husema nikiachiwa nitapanga mstari hata maharage kwenye sahani. Nikatoa wazo kwamba pembeni ya kila jina tuweke namba ya ubatizo kutoka kwenye kitabu cha parokia. Kamati wakapiga makofi.

Mwenyekiti naye akaongeza la kwake: asiye na namba haingii kwenye marumaru, maana jiwe ni la waamini. Sikupinga. Nilijiona msomi kweli kweli.

Nikaanza kusoma vitabu. Kwa msiotujua, sisi Waha tangu zamani kila mtoto anapewa jina lake, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane jina hata kidogo. Huwezi kufuata ukoo kwa jina la mwisho. Nilisoma mstari kwa mstari, jina la baba, jina la mama, wiki mbili nzima, macho yakawa mekundu.

Wanane nikawapata. Wa tisa, Andrea Ntakije, hayumo. Nikarudia kitabu tangu mwanzo, hayumo.

Jumapili baada ya misa nikasimama kwenye matangazo na karatasi yangu safi. Nikasoma kwamba majina manane yamethibitika, ila Andrea Ntakije hapatikani kwenye kitabu cha ubatizo. Mwenye taarifa anione, la sivyo jina lake litaondolewa.

Bibi mmoja benchi la tatu akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Hakusubiri hata baraka ya mwisho.

Mama mmoja akaninong'oneza, "Katibu, umefanya nini? Yule Bibi Skola ni dada yake."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake nikachukua bodaboda mpaka kwake. Nilimkuta anaanika mihogo juu ya turubai. Nikamwamkia, "Mwakeye, bibi." Akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kupanga mihogo yake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, lakini hakutukana.

"Usijisumbue kutafuta," akasema. "Hakubatizwa. Alikuwa darasa la dini, Pasaka ndiyo ingekuwa siku yake. Vita ikaja kabla ya Pasaka. Katekista alituhurumia tu akamwandika. Mimi miaka yote najua, iko siku atakuja mtu anayesoma vitabu."

Nikaanza kumsaidia kupanga mihogo.

"Mfute," akasema. "Ila usitangaze tena mbele za watu." Kisha akaniuliza kitu ambacho mpaka leo nakisikia: "Eti Katibu, asiyebatizwa anakwenda wapi?"

Mimi ni mtu wa photocopy.

Nikamwambia paroko anafundisha kwamba Mungu ana huruma. Akatikisa kichwa kwa adabu tu, kama unavyomwitikia mtoto. Huyu mama alizaliwa na kukua na katekisimu ya zamani, ile isiyo na mchezo. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa anaamini mdogo wake amefungiwa mlango.

Wakati naaga nikamuuliza nani alileta habari za kifo. Akasema ni Damiano, rafiki wa Andrea, walikwenda pamoja.

"Alirudi mzima," akasema. "Alikwenda kwa katekista, halafu akapita hapo barabarani bila kuingia kwetu. Nikajua hana neno jema. Baadaye akahamia Rungwe Mpya."

Hapo ndipo akili yangu ya ukatibu ilipofanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Kama Damiano alianza kwa katekista, basi katekista aliandika lile jina kwa kuambiwa kitu. Huruma peke yake ingemwandika Ntakije, jina lake la nyumbani. Hilo la Andrea, jina la ubatizo, lilitoka wapi?

Alhamisi nikapanda basi la alfajiri mpaka Kasulu, nikaunganisha mpaka Rungwe Mpya. Kuuliza uliza, nikaonyeshwa nyumba. Mzee Damiano alikuwa uani anapepeta maharage. Nikajitambulisha, nikasema nimetoka Kibondo, ni habari ya jiwe la kanisani.

Akaweka ungo chini. "Skola ndiye amekutuma?"

Nikasema hapana, hajui hata kama nimekuja.

"Yupo hai?"

Nikasema yupo. Akaanza kunisimulia. Naandika alivyosema, kadiri ninavyokumbuka.

"Aliumia tumboni. Gari la majeruhi lilikuwa bado. Chupa yangu ilikuwa na maji kidogo, ya mtu mmoja tu. Nikampelekea mdomoni, akaisukuma. Akasema, Damiano, wewe umeshabatizwa, nimwagie mimi. Nikakataa, maana midomo ilikuwa imemkauka. Akasema mara ya pili. Basi nikammwagia kichwani, yote. Nikamwita Andrea, jina alilokuwa amelichagua darasani. Kiswahili cha sala kilinikimbia, nikasema kwa Kiha, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Hakukawia. Alikufa na kiu yake."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Katekista nilimwambia. Nikamwomba asimwambie Skola, nitakwenda mwenyewe. Nikashindwa. Ningemwambiaje kwamba maji nilikuwa nayo na mdogo wake akafa na kiu?"

Wakuu, nililia. Mtu mzima, na begi langu la mafaili mapajani.

Kisha nikamwambia Bibi Skola anaamini nini miaka yote hii. Mzee akanikazia macho.

"Hajui kama alibatizwa?"

"Hajui."

Aliingia ndani, akatoka amevaa koti. Mke wake anamuuliza unakwenda wapi, yeye anafunga vifungo tu.

Tulifika kwa Bibi Skola jua bado lipo. Alimtambua tangu njiani. "Damiano, umezeeka," akamwambia. Mzee hakukubali kukaa. Alisimulia amesimama, kofia mkononi, na ile sehemu ya kiu hakuiruka.

Bibi akauliza, "Aliomba mwenyewe?"

"Ego. Mwenyewe. Mara mbili."

Bibi akapiga makofi mara moja, akasema "Imana weee!", yaani Mungu wangu, akacheka na machozi yakimtoka. Mzee akaanza kuomba msamaha wa yale maji. Bibi akamkatiza.

"Ungemnywesha, leo ndiyo ningekuwa na neno na wewe. Sasa kaa, ule."

Mimi nilitoka nje kidogo kujifanya napiga simu. Mzigo niliokuwa nao tangu Jumapili ulishuka, nikahisi hata njaa.

Asubuhi tukaenda kwa paroko. Alimuuliza mzee mambo matatu: maji ulimwaga, maneno ulisema, na ulikusudia kubatiza? Mzee akajibu ndiyo zote. Lugha ya Kiha haikuwa tatizo. Paroko akasema lazima kwanza aulize jimboni, tukasubiri wiki mbili ambazo sikulala vizuri. Kibali kikaja.

Sasa kwenye kitabu upo mstari: Andrea Ntakije, amebatizwa katika hatari ya kufa. Mbatizaji, Damiano. Mzee alirudi akaweka sahihi yake.

Mwenyekiti akanipigia kwa furaha, namba imepatikana, tuchonge. Nikamwambia namba zote nimezitoa. Tulibishana sana. Jiwe lina majina tisa matupu, na Jumapili iliyofuata nilisimama palepale nilipotangaza, nikaomba radhi kwa sauti.

Baada ya misa ndipo mama mmoja akanieleza kitu nilichokuwa sijawahi kukiona. Bibi Skola, tangu lile bamba la zamani liwekwe, alikuwa anaingia kanisani kwa mlango wa pembeni, asije akakutana na mtu anayesoma majina akamuuliza la Andrea. Siku hiyo alitoka kwa mlango mkubwa, taratibu, akamwonyesha mjukuu wake jina la Andrea kwa kidole: huyu ni babu yako.

Nilichojifunza: kitabu kina haki yake, ila kabla hujasema "hayumo", nenda kwanza kwa wenye mtu wao. Ningeanza kwa Bibi Skola, nisingemdhalilisha mbele ya kanisa zima.

Karibuni kwa comment, hasa wenye wazee waliokwenda vita ile. Waulizeni leo, msingoje kamati. Na anayetaka kunibishia kuhusu mlei kubatiza, aanze na paroko wake, mimi nimeshabishana na mwenyekiti inatosha.