Mgeni Haulizwi Kabla Hajala

Mtu akiniuliza nilisoma wapi, huwa namweleza hadi mwisho, atake asitake. Niliondoka kwetu na begi moja na sweta ya shule. Huko ng'ambo nilisugua sakafu za kiwanda cha maziwa mchana, na jioni nikaingia darasani pamoja na vijana ambao siku ya kwanza walidhani nimekuja kufagia. Nilipotoka, nilikuwa na diploma ya mitambo ya kupozea, yenye muhuri wa kuinuka ambao ukiupapasa kwa kidole unausikia. Hakuna mjomba aliyenisukuma, wala mwanasiasa aliyeniombea nafasi. Diploma hiyo nimeitundika sebuleni, mahali ambapo nyumba nyingine za kilima chetu hutundika picha ya harusi. Harusi sikuwahi kuifanya na sijaitamani.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba hasira yangu si ya mtu asiyeelewa. Naelewa. Ndiyo maana nina hasira.

Kwetu, juu ya Nkubu, pale kahawa inapokoma na majani chai kuanza, maziwa yana wenyewe wawili. Ya asubuhi huenda kwa ushirika, na malipo yake huingia kwenye akaunti ya mwenye boma, hata kama mwenye boma hajui ng'ombe wake hula nini. Ya jioni ni ya mama. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini mwanamume atakayegusa maziwa ya jioni atasemwa sokoni mpaka abadilishe njia ya kupita. Ile sweta ya shule niliyosafiri nayo ilinunuliwa kwa maziwa ya jioni.

Taabu ilikuwa kwamba gari la ushirika lilipita asubuhi tu. Maziwa ya jioni yakilala nyumbani, kesho yake gari linayakataa. Kwa hiyo mabroka walikuja na pikipiki zao magharibi, wakanusa mikebe, wakakunja uso, wakataja bei waliyotaka wao. Mwanamke akikataa, alibaki na maziwa yake. Mama yangu, ambaye ni mjane na ana ng'ombe wawili, mara nyingi alikataa. Ana kiburi, mama. Changu watu husema nilikitoa kwa baba, lakini baba alikuwa mpole.

Niliporudi nyumbani nilikuta kuna tangi la kupozea maziwa ndani ya banda la mabati kando ya kanisa, bado limevaa nailoni lililotoka nayo kiwandani. Serikali iliyotangulia ilikuwa imelileta kwa ngoma na hotuba, kisha ikasahau kwamba tangi haliwezi kujiunga lenyewe na stima. Panya walikuwa wamezaa kwenye boksi la vipuri. Nilivua viatu vyangu, nikavaa gambuti za mama, nikafanya kazi ile kwa mikono yangu. Nilifunga kompresa ukutani, nikalehemu mabomba, nikajaza gesi. Mafundi waliokuja kutazama walisimama mlangoni mikono mifukoni, mmoja akisema kwamba mitambo ya namna hiyo huhitaji mzungu. Nilipoiwasha ilinguruma sawasawa, bila kikohozi. Nilimtafuta yule wa mzungu nimwonyeshe, nikakuta ameshaenda zake.

Tangu hapo, jua likianza kuingia nyuma ya mlima, wanawake walikuja na mikebe yao kutoka kila upande. Maziwa yalilala baridini, asubuhi gari likayachukua pamoja na mengine. Mabroka waliacha kuja. Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni kila jioni, na akimwona mtu mgeni alimwambia, bila kuulizwa, "Huyu mtoto wangu alienda kusomea baridi." Hata mama mkubwa wangu alitoka Kianjokoma, safari ya kubadilisha magari, kuja kuweka mkono wake juu ya lile bati na kuhakikisha kwamba kweli ni baridi.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga masoko. Ulipopita, kaunti ikatangaza mpango wa kufufua uchumi na kubana matumizi. Nilikisoma kitabu chake chote, na sidhani kama waliokitia sahihi walikisoma. Kilichapishwa kwenye karatasi ya kung'aa. Jaladani palikuwa na ng'ombe mnene amesimama kwenye nyasi ambazo hazioti kwetu, na ndani mlikuwa na maneno mengi ya kwamba sasa kila mtu atajinyima kidogo ili wote tuinuke. Sikuona popote palipoandikwa nani ataanza.

Waziri mmoja wa kaunti alikuja kutueleza. Alikuja kutuhubiria habari za kubana matumizi akiwa na magari ambayo hayakuenea kwenye uwanja wa kanisa, ikabidi mengine yaegeshwe ndani ya shamba la mtu la nepia, majani ya ng'ombe. Kulikuwa na hema zilizokodishwa mjini, viti vya plastiki vilivyovikwa vitambaa kama vya harusi, na spika mbili kubwa za kumfikishia sauti mtu aliyesimama hatua chache mbele yetu. Alisema vituo vidogo vinakula bajeti. Stima hapa, mlinzi pale, ukarabati kule. Matangi yote ya vilimani yatakusanywa, yawe kituo kimoja kikubwa cha kisasa mjini, na wakulima watapeleka maziwa huko. Alieleza vizuri, kwa tabasamu, mkono mmoja mfukoni. Alipomaliza aliuliza kama tuko pamoja.

Watu wakapiga makofi.

Inafaa nieleze makofi hayo, maana ndiyo yaliyotumaliza. Kwetu mtu akitoka mbali akasema, hupigiwa makofi. Hata muuza dawa za minyoo sokoni hupigiwa. Ni kumwambia tumekuona, pole kwa safari, sasa keti. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alipiga makofi kwa nguvu huku akiniuliza chini chini, "Kwani amesema watapeleka wapi tangi?" Lakini mbele pale, msaidizi wa waziri aliinama akaandika, na baadaye tukasikia redioni kwamba umma ulishirikishwa na ukaunga mkono kwa shangwe.

Mimi nilisimama. Nilisema nina swali, na kwamba nauliza kama mtu mwenye diploma ya kazi hiyo. Chifu alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeingia na matope.

"Madam," akasema, "mgeni bado hajala."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kunisihi. Mama akanivuta nguo kwa nyuma. "Keti. Mgeni haulizwi kabla hajala. Ama huko ulikoenda walikufundisha kumhoji mtu akiwa na njaa?"

Hiyo nayo ni ya kwetu. Hata mtu aliyekuja kukudai mpaka wa shamba, unampa chakula kwanza, kisha mnagombana vizuri. Sijui kama kuna watu wengine duniani ambao wangemfanyia hivyo mtu aliyekuja kuwanyang'anya. Basi waziri akapewa mbuzi, akapewa mukimo na chapati, akapewa chai aliyopika mama, nyeupe, nzito, maziwa matupu yaliyoonjeshwa majani. Alikunywa vikombe viwili, akasimama akaisifu mbele ya watu wote. Alisema maziwa ya kilima hiki hayana mfano, na kwamba akirudi ataitafuta chai hiyo hiyo. Mama alishika midomo kwa furaha. Halafu mgeni akanawa mikono, akatazama saa, akasema ana mkutano mwingine, akaombewa safari njema. Swali langu lilibaki limesimama uwanjani pamoja nami, huku vumbi la magari likitushukia.

Lori lilikuja baada ya mvua. Lilikuja na wapakiaji na karani mmoja kijana mwenye tai, na halikuja na fundi. Nilimuuliza karani fundi wao yuko wapi. Akasema marupurupu ya mafundi yamesimamishwa kwa ajili ya ule mpango. Kisha, kwa adabu kabisa, akaniambia kwamba ofisini walimweleza kuna mama fulani huku anayejua haya mambo, na kama ningeweza kuwafungulia.

Nimewahi kutukanwa katika lugha tatu, lakini sijawahi kutukanwa kama siku ile.

Nilimwambia kuna gesi ndani ya mabomba yale. Kabla ya kuyafungua inarudishwa kwenye mtungi, valvu zinafungwa kwa mpangilio, na kama haikufanywa hivyo, kompresa itaingiwa na unyevu na tangi litakuwa sufuria kubwa tu. Nilimwambia kazi hiyo naiweza nikiwa nimefumba macho, na sitaifanya. Alisikiliza. Alinihurumia, nadhani. "Si mimi, madam," akasema. "Nimetumwa." Wapakiaji walikuwa wameshapata msumeno wa chuma kwenye lori.

Wanawake walikuwa wamekusanyika, na mama alikuwa nyuma ya kanisa, amewasha moto. Alikuwa anawapikia chai. Ndiyo, wao pia. Watu wametoka mjini, alisema, wamepanda hiyo barabara mbaya, watarudi tumbo tupu? Nilitamani kupindua sufuria.

Kisha msumeno ukapita kwenye bomba. Gesi ilitoka kwa sauti kali, kama nyoka aliyekanyagwa, na ikaendelea, ikaendelea, mpaka ikawa pumzi, mpaka ikanyamaza. Mama alitoka nyuma ya kanisa na mwiko mkononi. Aliweka kiganja juu ya tangi kama alivyofanya kila jioni. Alirudi, akamwagia moto maji.

Wale watu wakapakia tangi, wakaondoka bila kunywa.

Jioni ile wanawake kadhaa walikuja na mikebe, kwa mazoea. Wakasimama mbele ya banda tupu, wakarudi. Kufikia wiki iliyofuata pikipiki za mabroka zilikuwa zimeijua njia tena, na bei yao ilikuwa mbaya kuliko ya zamani, kwa kuwa sasa walijua hatuna pa kwenda. Waziri alisema wakulima watapeleka maziwa mjini. Mwanamke aliyemaliza kukamua jua likiwa linazama, na watoto wanataka chakula, atayafikishaje maziwa mjini? Wanaume hawakulalamika sana. Maziwa yao ya asubuhi yaliendelea kupanda gari kama kawaida. Mama aliacha kukamua jioni. Alimwachia ndama anyonye yote, akasema afadhali ndama, yeye hanusi na kukunja uso.

Nilienda mjini kulitafuta tangi. Nilivaa suti yangu ya mahafali na nikabeba nakala ya diploma. Sikuhitaji kutafuta sana. Lilikuwa nyuma ya ofisi zao, chini ya mvua, pamoja na mengine kutoka vilima vingine, yamepangwa kama ng'ombe mnadani. Lile letu nililijua kwa kiungo changu cha kulehemu. Hakuna aunganishaye chuma hivyo huku. Kuku walikuwa wamejilaza chini yake. Niliingia ndani, nikamuuliza afisa aliyekuwapo kile kituo kikubwa cha kisasa kiko wapi. Akanieleza kwa upole kwamba ujenzi wote mpya umesitishwa. Kwa nini? Kubana matumizi.

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama husomewa ninachoandika. Alinijibu kwamba mpango una awamu.

Mwaka haukuisha, wakarudi. Safari hii ilikuwa tathmini, kuja kusikia namna mpango ulivyotuinua. Hema zilezile, spika zilezile, na waziri yuleyule, ameongezeka shingo. Niliapa kwamba nitauliza swali langu kabla ya chakula, hata chifu anifunge. Nilikaa mstari wa mbele nimejiandaa, maneno yote nimeyapanga.

Waziri akasema, akamaliza, akauliza kama tuko pamoja. Nikasubiri makofi yapite ili nisimame. Hayakuja. Mikono ya wanawake ilikuwa ndani ya leso zao. Wanaume wachache walianza, wakajiona wako peke yao, wakaacha. Spika ikasikika ikivuma. Chifu, kwa kutaka kuokoa siku, akatangaza haraka kwamba mgeni apewe chai.

Mama akaja. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Alibeba kikombe kwenye sahani kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya waziri kwa heshima yote, akarudi nyuma hatua moja kama inavyopasa. Nilikuwa karibu, nikaona. Chai ilikuwa ya rangi. Nyeusi, imekolea majani, haina hata tone.

Anayetujua ataelewa. Kwetu hata mwizi aliyeshikwa, akipewa chai, hupewa yenye maziwa. Chai ya rangi ni ya nyumba ambayo ng'ombe wamekufa, au ya mtu ambaye ungependa asirudi. Uwanja wote uliinua shingo.

Waziri alikitazama kikombe, akatabasamu. "Cucu," akasema, kama mtu amwitavyo bibi yake, "leo maziwa yamesahaulika?"

"Hayakusahaulika, mheshimiwa," mama akajibu. "Tunabana matumizi."

Hakuna aliyecheka. Waziri alinyanyua kikombe, maana angefanya nini, na watu wote wakamtazama akinywa. Mama alisimama palepale, mikono mbele, akisubiri amalize ili achukue kikombe. Alimaliza.

Ndipo mama akanigeukia mimi, nami nilikuwa bado nimeketi, maneno yangu yote yamenitoka. "Haya," akasema. "Mgeni amekula. Simama uulize."