Nikimpa Mume Wangu Figo, Eti Nimekuwa Dada Yake

Admin, ficha jina langu ila hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mnubi, mtoto wa askari, nimezaliwa na kukulia Mbuya hapa Kampala. Nina watoto watatu na mume Muganda, Mwislamu kama mimi, fundi wa magari Kisenyi. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitamtukana mtu.

Mume wangu figo zake zote mbili zimekufa. Hakurogwa, kama wanavyosema kwao. Alikuwa na presha miaka na miaka na hakutaka kupimwa, eti presha ni ugonjwa wa matajiri. Mgongo ukimuuma kwa kuinamia injini, anameza vidonge vya maumivu kama karanga, kila siku ya Mungu, bila kuandikiwa na daktari yeyote. Nilisema mpaka nikachoka. "Mama watoto, wewe kazi yako kelele tu," ndivyo alivyokuwa akinijibu. Siku miguu ilipovimba hata viatu vikakataa kuingia, ndipo akakubali hospitali, na huko wakatuambia tumechelewa. Nyinyi mafundi mnaosoma hapa, mnacheka nini? Nendeni mkapimwe.

Sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Akitoka pale hana nguvu hata ya kushika kikombe. Maji ya kunywa anapimiwa. Matoke nayachemsha, namwaga yale maji, nayachemsha tena, kwa sababu daktari alituambia yana madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa, na yakizidi mwilini moyo unaweza kusimama. Mama mkwe alipokuja kuuguza, akaona vile, akapiga simu kijijini: "Huyu Mnubi anamnyima mwanangu chakula, anamlisha matoke yaliyooshwa!" Mimi nikitoka kwenda kuuza chapati, yeye anampikia ya kwake kwenye majani ya mgomba, na kumsugulia mumbwa, ule udongo uliochanganywa na dawa za miti, anywe. Mume wangu anakula na kunywa tu. Wallahi, siku alipokimbizwa hospitali moyo ukimrukaruka, mama huyo huyo alilia kuliko sisi wote, halafu akaniuliza mimi nimempa nini.

Daktari akasema kitakachomtoa kwenye mashine ni kupandikizwa figo. Ndugu zake wa tumbo moja wapo, wazima wa afya. Mmoja akasema ana vidonda vya tumbo. Mwingine eti mke wake amekataa. Mwingine alizima simu mpaka leo. Nikapimwa mimi, mtu wa kabila lingine, na figo yangu ikakubali. Nililia kwa furaha pale pale kwenye benchi la hospitali, jamani. Nilisema Mungu amenisikia.

Kumbe furaha yangu imewachoma. Ukoo ukaja nyumbani kwangu, wakakaa kwenye mikeka yangu, wakanywa chai yangu. Mama mkwe ndiye aliyefungua mdomo. Kwao kuna kitu kinaitwa omukago, undugu wa kuchanjiana: watu wawili wakila buni za kahawa zilizopakwa damu zao, wanakuwa ndugu wa kweli, na ndugu hawaoani wala hawalali kitanda kimoja. Basi akasema, "Binti, kama damu kidogo kwenye buni inaleta undugu, itakuwaje nyama nzima ya mwili wako? Mpe mwanangu figo, tutakushukuru mpaka kaburini. Ila tangu siku hiyo wewe ni dada yake. Mke tutamtafutia kwetu."

Nilidhani ni utani. Nikacheka, na nilicheka peke yangu. "Maama, kwa hiyo figo yangu unaitaka, mimi mwenyewe hunitaki?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Si mimi, nyabo, ni mila." Shehe wetu alipoitwa akasema hayo hayana msingi, ndoa ipo palepale. Akajibiwa kwamba shehe si mtu wa ukoo.

Lakini hao siwalaumu kama ninavyomlaumu mume wangu. Alikuwa amekaa pale na blanketi lake, macho kwenye mkeka. Nikamwambia, "Baba watoto, sema neno." Akasema, "Niacheni nipone kwanza, hayo mengine tutaona." Tutaona nini? Nipasuliwe ubavu ndiyo tuone? Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba ni mwoga, na sijaomba msamaha mpaka leo.

Juzi tulienda hospitali kuhojiwa na madaktari wa upandikizaji, maana hawamchukui mtu figo bila kujua kwa nini anaitoa. Mama mkwe akatufuata bila kualikwa. Daktari akamuuliza mume wangu, huyu anayekupa figo ni nani wako. Akamtazama mama yake kwanza. Halafu akasema, "Ni dada yangu." Nimemzalia watoto watatu, banange!

Daktari aliniona nilivyobadilika uso. Akawatoa nje wote, akaniambia sina deni kwa mtu, nikafikirie, Jumatatu nimpe jibu langu mwenyewe. Na mimi huyu mjinga nampenda, hilo ndilo linaloniua. Wa kuniambia nisali, nimesali. Wa kuniambia nivumilie, njooni mtoe figo zenu. Nikikataa, atabaki kwenye mashine mpaka mwili uchoke, na wanangu watakuja kuambiwa na bibi yao kwamba mama alikuwa nayo akamnyima baba. Nikikubali, nitaamka na kovu ubavuni na kukuta mwanamke mwingine jikoni kwangu, anampikia mtu anayekojoa kwa figo yangu. Nyinyi mngekuwa mimi, Jumatatu mngemjibu daktari nini?