Deo, Mume Wangu wa "Bado Kidogo"

Bado nabishana na habari hii. Jana tumemzika Deo, na leo asubuhi mikono yangu imemkaangia samaki wake, mgebuka.

Mimi naongea, mjukuu wangu Zuhura anaandika. Shule sikuingia hata kuchungulia. Lakini ninyi wenzake Deo wa PhD mko wengi humu kwenye group, nisikilizeni.

Deo alipanga chumba kwangu Buzebazeba mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipofurika kijiji cha Kagunga, mpakani kando ya ziwa. Alikuja kuandika habari za wamama waliovuka. Umri wake ni wa mjukuu wangu, na mjukuu wa kiume ni mume, basi nikamwambia, "Mume wangu, hilo shati utalifua lini?"

"Bado kidogo, Bibi."

Ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Ugali unapoa, bado kidogo. Usingizi, bado kidogo. Jamani!

Siku moja nimepeleka mawese Kagunga, namkuta anamhoji mama aliyeshuka muda huo huo, mtoto mgongoni, midomo imekauka. Nikamfokea mbele za watu: "Mpe maji kwanza! Maswali yako yanakimbilia wapi?"

Akaenda kuchota. Tangu hapo akawa anatanguliza uji, maswali baadaye. Wamama wakamwambia mambo ambayo hata waume zao hawayajui.

Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, basi wavuvi wetu hawaendi ziwani. Wanashona nyavu, wanalala na wake zao. Deo hakuwa na mbalamwezi. Jumapili kompyuta, Krismasi kompyuta.

Supavaiza wake anapiga simu: "Deo, nitumie drafti hata kama ni mbovu." Simu ikikatika, Deo ananiambia, "Bibi, siwezi kumpa Profesa kitu kibichi."

We mwanaume! Mchuzi usiomwonjesha mtu, utajuaje umezidi chumvi?

Mimi mawese yangu siyapakii yote boti moja. Nikamuuliza, "Na kazi yako umeigawa wapi?" Akacheka: "Iko humu tu kwenye kompyuta, Bibi, nimeifunga kwa password."

Homa ilipompata nikamvuta mkono twende hospitali. "Namalizia sura hii, Bibi. Bado kidogo." Alipokubali, hakuweza tena kusimama.

Sasa kompyuta iko mezani kwangu, imefungwa. Fundi anasema akiilazimisha, vyote vitafutika. Profesa ana sura ya kwanza tu. Nimekasirika, Deo! Nimekasirika mpaka nashindwa kulia vizuri!

Msibani alikuja Mama Divine, mmoja wa wale aliowahoji. Ametoka kambini kwa kibali. Nikamweleza kwamba maneno yake yamefungiwa humo, huenda yamepotea.

Ndipo akasema, "Bibi, baada ya kumwambia Deo yale, sikula siku kadhaa. Mtafuteni mwingine aje. Nitayasema tena."

Mnasikia ninyi wasomi? Mwanamke atarudia kilio chake kwa sababu mtu mzima na akili zake hakutuma kazi yake kwa mwalimu wake. Tumeni hizo drafti leo, mbovu hivyo hivyo. Mkimaliza, mle. Mwenye homa akapime.

Na wewe Deo, lala, mume wangu. Ugomvi wetu nitaumaliza mwenyewe.

Siku Mama Divine atakapoyasema tena, nitakaa pembeni yake nimshike mkono. Mahali pale palikuwa pako.