Gari ya Papa ilirudi nyuma

Musicheke. Mutaa wetu nzima wa Mangobo imekwisha kucheka.

Asubuhi shoferi wa kamyo alituletea habari toka Banalia: Koko, mama yake Papa, iko mugonjwa sana, iko anaita mutoto wake.

Gari yetu ilikuwa juu ya mawe, nyuma ya nyumba. Nilikuwa ninabadilisha pont ya nyuma, ile chuma yenye kuzungusha magurudumu.

Papa akavaa koti na kofia ya safari, akasimama kando yangu.

Nikakaza bulon mbio-mbio. Sikuwasha moteri kwanza, gari ikiwa bado juu ya mawe, nione magurudumu inazunguka upande gani. Miaka sita ya ufundi, na sikuwasha!

Bon. Tukashusha gari. Papa akaingia, akatia vitesi ya kwanza, gia ya kwenda mbele.

Gari ikarudi nyuma, ikaangusha jiko ya Mama.

Akatia ya pili. Nyuma tena, mbio zaidi.

Pont niliifunga juu-chini, donc kila kitu kilizunguka kinyume. Majirani walicheka mupaka machozi.

Papa hakunitukana. "Fungua," alisema. Akakaa juu ya jiwe na kofia yake, akingoja, mimi nikaingia tena chini ya gari.

Saa kumi kamyo ingine ikafika toka Banalia. Shoferi alivua kofia mbele ya kusema. Majirani wakaweka mikono juu ya kichwa.

Ninyi mafundi, muniambie: mungetoka kule chini na uso gani? Mimi nilibaki chini ya gari, kle ya bulon mukononi.

Papa akainama, akanigusa muguu.

"Toka, mwana. Sasa hatuna haraka tena."